Kengele na Farasi

Watu wote uwanjani walikuwa wanaufuata mpira kwa macho. Abshiro peke yake hakuufuata, kwa sababu kazi yake haikuwa mpira, na ndiyo maana aliliona pigo.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja mchezo uishe. Mchezaji wa timu ngeni, mtu wa kilo mia na ushei, aliinama kumfungulia njia mwenzake, na bega lake likampata Abdiwahid ubavuni mwa helmeti. Kichwa kilikwenda upande mmoja. Mwili ulichelewa kidogo kukifuata. Abdiwahid alipiga goti, akatulia pale kwa muda wa pumzi moja, kisha akasimama na kuanza kuhangaika na kamba ya kidevuni kana kwamba ndiyo iliyomwangusha.

Abshiro alinyanyua mkono. Mwamuzi wa pembeni alimwona, akapuliza filimbi, na Abdiwahid akatoka kwa miguu yake mwenyewe, uso umekunjamana.

"Shemeji, kwani kuna nini?" alisema. "Niko fiti."

"Kaa hapa. Vua helmeti."

Alikuwa mdogo wa mume wake, na kazi yake ilikuwa kuendesha basi la abiria. Miaka miwili nyuma ndiye aliyembembeleza Abshiro ajiunge na Anvils, timu ya futiboli ya Kimarekani iliyochezea uwanja wa kukodi nyuma ya nyumba mpya za Longbridge, Birmingham. Mhudumu wao wa afya alikuwa amehamia Wales, na bila mhudumu pembeni hakuna mechi inayoruhusiwa kuanza. Abshiro, ambaye siku za kazi alikuwa msaidizi wa tiba ya viungo hospitalini, alisomea kozi ya majeraha ya michezo, akakubali. Mchezo wenyewe hakuupenda. Alikulia Garissa, akaishi Uholanzi miaka sita, akahamia Northfield na watoto wawili, na kote huko hakuwahi kuona watu wazima wakijipanga mstari, wakatulia, kisha wakagongana makusudi. Ila alikuja kila Jumapili, mvua au jua, na begi lake la bandeji na faili lake la karatasi.

Faili hilo ndilo alilolifungua sasa. Kila Aprili, kabla ya msimu, aliwapima wachezaji wote wakiwa wazima. Aliwasomea maneno kumi nao wakayarudia. Walitaja miezi kinyumenyume. Walisimama mguu mmoja mbele ya mwingine, macho wamefumba. Aliandika alichokiona, ili siku mtu akigongwa kichwa pawe na kitu cha kulinganishia. Helmeti huzuia fuvu lisipasuke. Haiwezi kuzuia ubongo usijigonge ndani ya fuvu, na mtikisiko huo hauachi jeraha la kuonekana.

"Tuko uwanja gani?"

"Longbridge. Nyumbani."

"Nani amefunga mwisho?"

"Sisi. Ishirini kwa kumi na saba." Alijibu haraka, macho yake yakiwa mchezoni.

"Niangalie mimi. Nitakusomea maneno kumi. Si yale ya Aprili, haya ni mengine." Alisoma polepole, kwa Kiswahili, kama alivyokuwa amempima Aprili, maana Kiswahili ndicho walichozungumza tangu wajuane. "Kiatu. Dirisha. Chungwa. Mbuzi. Kitabu. Sahani. Moshi. Ufunguo. Pamba. Ngazi."

Abdiwahid alifumba macho. "Kiatu. Dirisha. Mbuzi. Kengele. Sahani. Farasi. Ngazi." Akafungua macho. "Hayo tu."

Abshiro alitia alama. Matano yalikuwa sahihi, mawili si ya kwenye orodha. Aligeuza karatasi kuangalia Aprili: maneno manne. Miezi aliitaja vizuri. Alisimama bila kuyumba.

Kalpesh, kocha, alikuwa amekuja kusimama nyuma yake. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa Kisumu, akaondoka na wazazi wake akiwa na miaka kumi na tisa, na sasa alikuwa na duka la vifaa vya mabomba Balsall Heath. Wachezaji alizungumza nao Kiingereza. Abshiro alizungumza naye Kiswahili, hasa alipokuwa na neno asilotaka wengine walisikie.

"Dada, vipi?"

"Amejibu. Amefanya vizuri kuliko Aprili."

"Basi mrudishe. Bila yeye hawa watoto hawajui waende wapi."

Abshiro alisita. Kwenye kozi waliambiwa wazi kwamba ukishuku, mtu anatoka na harudi siku hiyo, na kwamba vile vipimo si vya kumtafutia mtu njia ya kurudi. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini ilikuwa nusu fainali, na mtu aliye mbele yake alikuwa amejibu yote, na namba zilikuwa zinasema yuko sawa. Alichukua helmeti kutoka kwenye nyasi akampa.

Alijikumbusha jambo hilo mara nyingi baadaye, kwamba ni mikono yake iliyompa.

Dakika zilikwenda. Anvils walipoteza mpira, wakazuia, wakaupata, wakaupoteza tena. Abshiro alisimama pembeni kabisa ya mstari mweupe akimwangalia Abdiwahid tu. Mara ya kwanza aliyoona kitu, alijiambia ni jua tu linalomchosha. Wapinzani walijipanga, walinzi wa Anvils wakasubiri sauti ya Abdiwahid ya kuwaelekeza, na sauti haikuja. Aliyewapanga badala yake alikuwa Fanuel, Mtanzania wa Mbeya, mkongwe wa timu, aliyecheza ubavuni mwa Abdiwahid. Alipiga kelele yeye, kisha akamshika Abdiwahid bega na kumgeuza, taratibu, kama unavyomgeuza mgeni aliyekosea mlango.

Katika shambulio lililofuata, Fanuel alimgeuza tena.

Abshiro alifungua faili. Hakujua anatafuta nini. Alisoma tena yale maneno saba aliyosema Abdiwahid, na jicho likakwama kwenye yale mawili ya makosa. Kengele. Farasi. Aliyasikia mahali. Akageuza karatasi ya Aprili, ambapo palikuwa na orodha nyingine kabisa: kisu, zulia, limau, farasi, mvua, kengele, sukari, daraja, taa, shati. Siku ile Abdiwahid alikuwa ametaja zulia, mvua, sukari na shati. Farasi na kengele hakuyataja. Mbele ya maneno hayo mawili Abshiro mwenyewe alikuwa ameacha nafasi tupu.

Mtu hawezi kukumbuka Julai neno alilolisahau Aprili.

Alikuwa hajalisahau. Alikuwa nayo yote kumi kichwani, akatoa manne na kuyameza sita, ili siku akigongwa alama yake isionekane imeshuka. Na leo kichwa kilichovurugika kilikuwa kimechanganya orodha mbili na kuyatema yale aliyoyaficha.

Abshiro alilifunga faili. Kama mtu mwenye maneno kumi alikuwa ametoa matano, basi yeye alikuwa amempeleka uwanjani mtu aliyeumia. Na ubongo uliotikiswa ukipigwa tena kabla haujapona, huweza kuvimba. Kwenye kozi walikuwa wameonyeshwa picha za vijana wawili waliopigwa mara ya pili siku hiyohiyo. Mmoja alikuwa hai.

Alikimbia kwa Kalpesh.

"Mtoe Abdiwahid. Itisha taimauti, mchezo usimame."

Kalpesh hakugeuka. Zilikuwa zimebaki dakika moja na sekunde arobaini, Anvils wakiwa mbele kwa pointi tatu, wageni wakiwa na mpira yadi thelathini na nane kutoka mstari wa Anvils. "Nimebaki na taimauti moja tu."

"Itumie."

"Dada, umempima mwenyewe. Umeniambia yuko sawa."

"Nimekosea. Alidanganya kipimo cha Aprili. Nina ushahidi hapa."

"Ushahidi wa nini? Umeona ameanguka tena? Unashuku tu."

"Kushuku ndiyo sheria yenyewe, Kalpesh bhai. Haihitaji zaidi ya hapo."

Sasa aligeuka. Alikuwa amevuja jasho mpaka kola. Alimwangalia Abshiro, akaangalia saa, na Abshiro akaona wazi jinsi alivyokuwa akipima vitu viwili na kimoja kikizidi. "Wageni wana mashambulio manne tu," alisema. "Ikiisha mimi mwenyewe namtoa. Nakuahidi."

Abshiro alinyanyua mkono kama mara ya kwanza. Mwamuzi wa pembeni alikuwa amempa mgongo, macho kwenye mstari wa wachezaji, na mashabiki walikuwa wanapiga mabati ya uzio kwa mikono. Aliita. Sauti yake haikufika popote. Wageni walikuwa tayari wamejipanga. Mbele ya mpira, katikati, alisimama yule mtu wa kilo mia na ushei, na nyuma yake mkimbiaji, na ilionekana hata kwa mtu asiyejua mchezo kwamba watapita katikati. Katikati palikuwa na Abdiwahid, mikono juu ya magoti, kichwa kimeinama, akiangalia nyasi.

Abshiro alivuka mstari mweupe.

Hakukimbia. Baadaye watu walisema alikimbia, lakini alitembea, hatua ndefu, baibui ikimpiga miguuni, mikono yote miwili juu. Alipita kati ya walinzi wawili wa nyuma. Mmoja alisema neno la Kiingereza la kushangaa. Alifika kwa Abdiwahid akasimama mbele yake, mgongo ukiwatazama wageni, na akangoja kugongwa.

Filimbi zililia tatu kwa pamoja. Kitambaa cha njano cha adhabu kilirushwa hewani, kisha kingine.

"Shemeji," Abdiwahid alisema. Hakuonekana kushangaa kumwona pale. "Tunaenda nyumbani?"

"Ndiyo," alisema Abshiro. "Nipe helmeti."

Alimpa.

Mwamuzi mkuu alimsikiliza, akamtazama Abdiwahid machoni, akaagiza atolewe na asirudi. Adhabu hata hivyo alilazimika kuitoa, yadi kumi na tano, kwa mtu wa benchi kuingia uwanjani. Mpira ukawekwa yadi ya ishirini na tatu. Katika shambulio la tatu baada ya hapo wageni walivuka mstari wa mwisho wakiwa na mpira, na Anvils wakafungwa ishirini na nne kwa ishirini.

Abshiro hakuyaona hayo. Alikuwa kwenye gari lake, helmeti imefungiwa kwenye buti, funguo za gari la Abdiwahid zikiwa mfukoni mwake, akimuuliza kila baada ya dakika mbili jina la barabara. Filimbi ya mwisho ilipolia, kabla hawajaondoka, Fanuel alikuja dirishani, bado amevaa kinga za plastiki za mabegani.

"Dada, umetuua," alisema kwa sauti ya chini. "Jasho la watu la mwaka mzima. Umetuua."

"Ulikuwa unamgeuza," Abshiro alisema. "Nimekuona. Mara mbili."

Fanuel aliondoa mkono dirishani, akarudi uwanjani.

Hospitalini walimpiga picha ya kichwa. Ayan, mke wa Abdiwahid, alifika na viatu visivyofanana. Daktari alisema picha ni safi, na Abdiwahid, ambaye kwa wakati huo alikuwa amerudiwa na maneno yake, alimgeukia Abshiro.

"Umesikia? Safi."

"Picha inatafuta damu," daktari alisema. "Damu hakuna, na ni jambo la kushukuru. Mtikisiko wenyewe hauonekani kwenye picha. Pumzika. Na basi lako usiliendeshe mpaka daktari wako akupe ruhusa kwa maandishi."

Abdiwahid aliitikia kwa kichwa kama mtu mwema.

Jumatatu hakupokea simu ya Abshiro. Timu ilikuwa na kikundi cha ujumbe kwenye simu, na humo mtu mmoja alikuwa ameandika kwamba nusu fainali imeuzwa na mwanamke asiyejua hata sheria. Watu kumi na wanne walikuwa wameweka alama ya kuunga mkono. Kalpesh hakuandika kitu. Abshiro alisoma jikoni, akazima simu, akaendelea kukata vitunguu. Mume wake Abdirahim, aliyekuwa safarini na lori lake, alimpigia jioni. Alikuwa amezungumza na mdogo wake.

"Anasema umemwaibisha mbele ya watu."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema ni ndugu yangu wa pekee. Mwaibishe tu."

Jumanne, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Ayan alipiga simu. Alikuwa ananong'ona ingawa nyumbani alikuwa peke yake.

"Amevaa yunifomu ametoka, yapata nusu saa sasa. Ameniambia daktari alimpa siku moja tu. Ni kweli?"

"Si kweli."

"Jana alimwaga chai mara mbili. Alikuwa anatafuta mlango wa friji upande usio wake." Sauti ilianza kumvunjika. "Nifanye nini, Abshiro? Nikimpigia mkubwa wake atajua ni mimi."

"Usimpigie. Nitapiga mimi."

Alikaa kitandani na simu mkononi. Alifahamiana na Onyango, msimamizi wa zamu kwenye kituo cha mabasi, kutoka kwenye mikutano ya Wakenya wa Birmingham; mara moja walipika pamoja pilau ya watu mia. Alijua anachoweza kusababisha. Dereva aliyeficha kuumia kichwa anaweza asipewe basi tena. Abdiwahid alikuwa amesubiri kazi ile miaka mitatu. Kwa upande mwingine, basi la ghorofa lingetoka kituoni saa kumi na mbili kasoro dakika tano, lipite Northfield likiwa na wauguzi na wasafishaji na wanafunzi, na kwenye usukani mtu aliyekuwa akitafuta mlango wa friji upande usio wake.

Onyango alipokea mlio wa pili.

"Abshiro? Kuna msiba?"

"Bado. Abdiwahid ameshatoka na basi?"

"Namwona hapa kwenye kamera. Anakagua gari." Akaangalia saa. "Amekagua dakika ishirini. Kawaida ni kumi."

"Usimwache atoke. Aligongwa kichwa Jumapili. Daktari amemkataza kuendesha."

Alisikia kiti kikisukumwa, mlango, hatua za mtu anayekimbia kwenye zege. Onyango hakukata simu. Abshiro alisikia injini ikinguruma, ikaja karibu zaidi na zaidi, kisha sauti ya Onyango kwa mbali: "Bwana, vipi?" Jibu hakulisikia. Alingoja. Alihesabu pumzi zake akafika thelathini na tano. Halafu injini ikazimwa.

Onyango alirudi kwenye simu akihema. "Ameshuka. Nilipofika mlangoni alikuwa ameshika usukani anaangalia mbele tu. Nikamuuliza mbona huendi. Akaniambia, Onyango, sikumbuki kinachofuata ni nini. Kisha akanipa funguo."

Saa nne asubuhi Abdiwahid alikuwa nyumbani kwa Abshiro, kwenye kochi, na yunifomu yake, mapazia yamefungwa kwa sababu mwanga ulimuumiza. Hakutaka chai.

"Ulimpigia," alisema.

"Nilimpigia."

"Ningeshuka mwenyewe."

"Sijui hilo. Na wewe hulijui."

Abdiwahid alilegeza kola ya yunifomu. Kisha akasema, bila kuulizwa, "Ni mambo ya Aprili yanayoniuma. Nilikudanganya usoni, shemeji. Nilikuwa nayo yote kumi. Nilikuwa nayarudia kwenye gari wakati wa kurudi nyumbani nikicheka."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna wa kufundishwa. Kila mtu anafanya." Alifunika macho kwa kiganja. "Fanuel alituambia mwaka juzi. Alisema, toa nusu, weka nusu. Ukigongwa nusu inakutosha kupita. Tuko tisa. Labda zaidi."

Abshiro alitaka kukasirika naye na hakuweza, kwa sababu alikuwa anajifikiria yeye na faili lake, jinsi alivyolibeba kila Jumapili kama kitu cha kumlinda mtu. Karatasi arobaini, na hakujua hata moja iliyo ya kweli.

Jioni hiyo Kalpesh alikuja mwenyewe. Alisimama barazani, hakutaka kuingia na viatu, hakutaka kuvivua.

"Anaendeleaje?"

"Anaumwa kichwa. Anapepesuka akiinama."

"Onyango ameniambia habari za basi." Kalpesh alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alikuwa anayatafuta. "Sikuwaambia wadanganye, dada. Naapa. Sikujua."

"Lakini hukuuliza pia. Mlinzi wako bora anakumbuka maneno manne kati ya kumi, na hukushangaa."

"Wewe ulishangaa?"

Swali lilimfika. "Hapana," Abshiro alisema. "Na nilimrudisha uwanjani. Sote wawili tulimrudisha."

Gari la taka lilipita, likasimama, likaenda.

"Nataka uendelee na sisi," Kalpesh alisema hatimaye.

"Basi wote wapimwe upya, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Nikisema mtu anatoka, helmeti yake inakaa kwangu. Na taimauti moja kila mechi ni yangu. Huniulizi kwa nini."

"Wachezaji watalalamika."

"Walalamike."

Kalpesh alikubali kwa kichwa, si kwa furaha.

Walipimwa mwishoni mwa Agosti, kwenye chumba kidogo cha mikutano juu ya ukumbi wa klabu. Abshiro alimwambia kila mtu sentensi moja kabla ya kuanza: kwamba akidanganya leo, siku atakayogongwa hakuna mtu atakayejua. Wawili waliondoka timu bila kupimwa. Wengine waliingia wakiwa wamenuna, wakatoka wamenyamaza. Alama zilipanda. Aliyekuwa na manne akawa na manane. Aliyekuwa na matano akatoa yote kumi, akaona haya, akaomba radhi. Hadi saa kumi jioni Abshiro alikuwa amehesabu kumi na mmoja waliomdanganya Aprili.

Fanuel aliingia wa mwisho. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ile ya dirishani. Alikuwa na miaka thelathini na nne, na kumi na miwili kati ya hiyo alikuwa ameicheza mstari wa mbele. Alikaa, akaweka mikono juu ya meza.

"Nilikukosea, dada," alisema. "Nimekuja kufanya sawasawa. Nilikuwa natoa nusu. Leo nakupa yote."

"Sawa. Sikiliza." Alisoma orodha mpya, polepole. "Jiwe. Uzi. Samaki. Kiti. Moto. Kofia. Barua. Nyundo. Asali. Kivuli."

Fanuel aliinamisha kichwa. "Jiwe. Uzi." Alingoja. "Asali. Kivuli." Akaanza kugonga meza kwa kidole, polepole, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni akijua kimo. "Kofia."

Abshiro hakuinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Kuna mengine," Fanuel alisema. "Yapo. Soma tena."

Alisoma tena, polepole kuliko mwanzo. Fanuel aliyafuata kwa midomo, neno kwa neno. Abshiro alipomaliza, Fanuel alisema, "Jiwe. Uzi. Asali. Kivuli." Halafu baada ya muda, "Barua."

Matano. Aprili alipata matano.

Nje wachezaji walikuwa wanacheka kwenye ngazi, mmoja akimwita Fanuel wamalize waende kula. Fanuel aliangalia mlango, kisha faili, kisha uso wa Abshiro, na Abshiro akaona ameelewa.

"Mimi nilidhani nafanya makusudi," alisema.

"Tangu lini umeanza kuona unasahau?"

"Mke wangu ndiye anaona. Anasema namuuliza kitu kilekile." Alisugua paji la uso. "Nikafikiri ni uchovu. Kazi ya ghalani ni ya zamu, unajua. Niambie ukweli, dada. Kumbukumbu hii inarudi?"

Abshiro angeweza kumwambia ndiyo. "Sijui," alisema. "Mimi si daktari, na kipimo kimoja hakisemi kila kitu. Ila leo nakuandikia barua ya kumwona mtaalamu, na kuanzia leo huchezi. Hata mazoezini."

Aliandika barua palepale, kwa mkono, akataja misimu kumi na miwili na mapigo yote ambayo Fanuel aliweza kuyakumbuka, na yale ambayo hakuyakumbuka ila wenzake walimsimulia. Ilijaa kurasa mbili. Fanuel alikaa akingoja, akijibu kila alipoulizwa, na mara moja alijibu tena swali alilokwisha kulijibu.

Hakucheza tena. Mtaalamu alimpokea Oktoba, na majibu yalichukua majira yote ya baridi kukamilika. Abdiwahid alirudishiwa basi mwezi Novemba, baada ya wiki kumi na sita. Futiboli aliiacha, na kwa muda mrefu hakukaa meza moja na Abshiro kwenye shughuli za familia. Lakini siku ile ya Agosti hayo yote yalikuwa bado. Fanuel alikunja barua mara nne akaiweka mfuko wa shati, akabaki amekaa.

"Utamwambia nani kwanza?" Abshiro aliuliza.

"Mke wangu. Anaitwa Sunita." Akafikiri. "Mengine nitayasahau njiani. Ungekuja tukamweleza pamoja?"

Abshiro alifunga faili, akachukua funguo za gari, wakashuka ngazi.